Stering Aliyerudi Mtaani

Kibanda cha muvi nilichokulia Kayole, si mbali na steji ya Masimba, kilikuwa na sheria moja tu: stering hafi. Ulilipa mbao, ukajibana kwenye benchi na watoto wengine thelathini, sauti ya DJ Afro ikatafsiri makonde ya Wachina kwa Kiswahili cha mtaani, na kila aliyechelewa aliuliza swali lile lile: "Stering ni gani?" Ukishaonyeshwa, roho inatulia. Anaweza kupigwa, kufungwa kamba, kutupwa mtoni, lakini muvi haiwezi kuisha yeye akiwa chini. Mwenye kibanda akithubutu kuweka muvi ambayo stering anakufa, watu walidai mbao zao.

Sheria hiyo imenirudia kichwani kwa sababu ya Last Chance U, mfululizo wa dokumentari ulioongozwa na Greg Whiteley, uliotoka Netflix 2016. Najua nimechelewa. Wengi mliuona zamani, wengine mliukwepa kwa sababu ni futiboli ya Wamarekani, ile ya helmeti, na nani ana wakati. Mimi nimeuona mara mbili. Mara ya kwanza niliuona peke yangu, kwa simu, nikalia mara nne. Mara ya pili niliuona na brathe yangu, kwa kochi la mathe, jioni kadhaa mfululizo, yeye akiwa ametoka kazini na harufu ya chuma mkononi. Mara hiyo ya pili sikulia. Nilianza kubishana nao.

Wacha niseme hukumu yangu mapema ili usinisubiri. Ni kazi nzuri, pengine nzuri kuliko zote nilizoona kuhusu timu moja na msimu mmoja. Inamjua kijana maskini mwenye kipaji vizuri sana. Lakini haimjui kijana huyo akirudi nyumbani. Na hapo ndipo sisi wa Eastlands tunaumia, kwa sababu sisi pia tumezoea kusimulia hadithi zetu hivyo hivyo.

Msimu wa kwanza unafuata timu ya East Mississippi Community College, chuo cha miaka 2 kilicho Scooba, jimbo la Mississippi, katika mechi zao za 2015. Scooba ni kijiji, hakina hata watu 1,000. Timu yake, Lions, ilikuwa imechukua ubingwa wa taifa wa vyuo vya aina hiyo 2011, 2013 na 2014, na ilitaka mwingine. Wachezaji wengi walifika pale kwa sababu mambo yaliharibika kwingine: maksi hazikutosha, au walitimuliwa chuo kikubwa kwa utovu wa nidhamu, au hakuna aliyewataka. Ukipita masomo na ukicheza vizuri kwa mwaka au miwili, chuo kikubwa kinakuja kukuchukua. Usipopita, kwisha. Ndiyo maana ya jina: nafasi ya mwisho.

Kama hujui mchezo wenyewe, usiogope. Wachezaji ni 11 kila upande. Timu yenye mpira ina nafasi nne za kusogea yadi 10, ambazo ni kama mita 9. Zikifika, inapewa nafasi nne nyingine. Ikishindwa, mpira unaenda kwa mpinzani. Brathe aliangalia dakika kumi akasema, "Hii ni jam ya Jogoo Road. Unasonga kidogo, mnasimama, mnaongea, unasonga kidogo." Sijasikia maelezo bora. Mkenya mmoja alifika hadi kilele cha mchezo huo: Daniel Adongo, mchezaji wa raga aliyezaliwa Nairobi, alijiunga na Indianapolis Colts 2013. Hapa kwetu timu ya chuo yenye jina kubwa ni ya raga vilevile, Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Lakini hakuna timu ya chuo hapa inayojaza uwanja kila Jumamosi na kufanya kijiji kizima kifunge duka. Kule ipo. Wakati msimu ule unapigwa picha, mchezaji wa chuo hakuruhusiwa kulipwa hata senti kwa jina lake. Vyuo vikubwa viliruhusu wachezaji kupata pesa za jina na sura yao kuanzia Julai 2021. Kabla ya hapo, malipo yalikuwa masomo.

Shika neno hilo, masomo, kwa sababu ndilo moyo wa mfululizo. Mtu anayekumbukwa na kila aliyeuona hachezi mpira. Ni Brittany Wagner, mshauri wa masomo wa timu, mwanamke mwenye ofisi ndogo na mlango usiofungwa. Wavulana wakubwa kama mlango wenyewe wanaingia wakiwa wameinamisha vichwa, na yeye anawauliza kama wana penseli. Hawana. Kila siku hawana. Anawakumbusha darasa, anawafuata kwa ujumbe, anahesabu maksi zao kama mama anayehesabu sarafu za unga. Whiteley ana akili ya kuiacha kamera ofisini hapo muda mrefu. Mchezo wa Jumamosi unakatwa haraka haraka, kelele na helmeti. Ofisi ya Wagner inapewa kimya. Unamwona Ronald Ollie, jitu la safu ya ulinzi lililopoteza wazazi wote wawili likiwa dogo, akijaribu kutoonyesha kwamba ameshindwa na kazi ya darasani. Hakuna muziki wa kukuambia ulie. Unaona tu mtu mkubwa kwenye kiti kidogo.

Mara ya kwanza hapo ndipo nililia. Mara ya pili brathe aliuliza, "Na huyu madam, analipwa na nani?"

Nikamwambia, na chuo.

"Chuo chenye kinataka wacheze Jumamosi?"

Ndiyo, hicho hicho.

Akanyamaza. Swali lake lilifanya kazi ambayo mimi, mwenye kusomea fasihi, sikuwa nimeifanya. Wagner anawapenda wale vijana, hilo halina shaka. Anayebisha hajatazama uso wake. Lakini penseli ile ile ni chombo cha biashara. Mchezaji asiyepita somo haruhusiwi kucheza, na asipocheza, timu inapoteza. Kwa hiyo upendo na hesabu vinakaa kwenye meza moja, na hakuna anayeweza kuvitenganisha, pengine hata yeye mwenyewe. Baadaye aliacha kazi pale na kuanzisha kampuni yake, akaiita 10 Thousand Pencils. Ukubwa wa mfululizo huu uko hapo: unakuonyesha upendo huo bila kukuficha risiti. Hausemi kwa sauti, lakini risiti iko mezani, ukitaka kuisoma.

Brathe aliisoma haraka kwa sababu risiti yake alipewa kwa barua.

Alikuwa winga. Nasema hivi nikijua kila mtu Eastlands ana ndugu aliyekuwa winga hatari kabla ya goti, lakini yeye kweli alikuwa winga. Uwanja wetu ni ule wa shule ya msingi nyuma ya ploti, changarawe upande mmoja, matope upande wa pili, na alijua kila kokoto. Baada ya kidato cha nne, chuo kimoja cha hapa jijini kilimwona kwenye mashindano, kikamwita. Sitakitaja, na wala hakina tofauti na vingine. Makubaliano yalikuwa ya mdomo: acheze, asome diploma bila karo. Mathe alichinja kuku. Mtaa mzima ulijua. Nilikuwa kidato cha pili, na nilitembea na sifa yake kama mtu aliyevaa sweta mpya.

Mwaka wa pili goti likaenda. Hakuna aliyemkosea kwenye mechi ile. Alikanyaga vibaya tu. Mwisho wa muhula ikaja barua ya deni la karo ya mihula yote ambayo hakuna aliyewahi kumdai. Bila kulipa, hakuna kadi ya mtihani. Akaja nyumbani na begi moja na viatu vya mpira vimefungwa kwa kamba zake. Mathe hakuuliza kitu, akapika. Sisi wengine tuliwaambia majirani kwamba yuko likizo. Likizo hiyo ilidumu mwaka mzima, halafu watu wakaacha kuuliza, na mimi nikaendelea kuwaambia marafiki zangu wa shule, kisha wa chuo, kwamba brathe yangu "alisomea mambo ya michezo." Nimesema uongo huo miaka mingi. Leo anachomelea mageti jua kali, na jioni anafundisha watoto wa chini ya miaka 12 kwenye ule uwanja wa changarawe.

Kwa hiyo tulipofika kwa kocha wa Scooba, Buddy Stephens, nilijua brathe atakuwa na maoni. Stephens ni mtu wa kufoka. Anatukana, anatupa vitu, anasali, anatukana tena. Oktoba 2015, katika mechi na Mississippi Delta, vita vinazuka uwanjani. Lions walikuwa mbele kwa pointi nyingi, hakukuwa na sababu yoyote. Ngumi zinaruka, benchi zinamwagika uwanjani, mechi inaishia hapo. Timu inafungiwa nje ya mtoano, na ubingwa wanaoutafuta tangu dakika ya kwanza unayeyuka. Baada ya hapo kocha mzungu anawasimamia vijana ambao wengi ni weusi na kuwatupia neno ambalo kwa Kiswahili chetu ni moja tu: wahuni.

Eastlands tunalijua neno hilo. Ni neno linalotangulia kofi. Ukiwa na nywele ndefu kidogo na begi la mazoezi mgongoni saa mbili usiku, linakuja kabla hujaulizwa jina. Brathe hakusema kitu hapo. Aliinua sauti ya simu, akairudisha nyuma, akasikiliza tena, akasema, "Alikuwa nalo siku zote. Alikuwa amelifungia tu kwa sababu walikuwa wanashinda."

Naona huo ndio usomaji sahihi wa msimu wa kwanza. Ushindi ulikuwa umeficha mambo mengi. Wiki baada ya wiki tunamwona kocha akiwakumbatia, tunaona familia kubwa ya timu, na kila mtu anaamini kwa sababu matokeo ni mazuri. Siku matokeo yanapokatika, kila mmoja anarudi kwenye jina alilokuwa amepewa tangu mwanzo. Whiteley hakuupanga ugomvi ule, lakini alikuwa na busara ya kutougeuza kuwa ajali. Sehemu zote za nyuma zinasomeka upya ukishauona.

Halafu msimu wa pili unafanya kitu ambacho sijakiona kwingine. Unaanza na Stephens akiwa amejiona kwenye televisheni, kama sisi. Hakupenda alichokiona. Anaahidi kubadilika, kupunguza matusi, kuwa mtu wa Mungu kweli kweli. Tunamtazama akijaribu, tunamtazama akishindwa. Kamera imekuwa kioo, na mtu anajichana mbele yake, lakini uso ni ule ule. Kwa mwandishi yeyote anayeandika kuhusu watu halisi hili ni somo: ukishamwandika mtu, umeshaingia kwenye maisha yake, na huwezi tena kujifanya hukuwa chumbani. Mfululizo unakubali jambo hilo waziwazi. Misimu ya tatu na ya nne, iliyohamia Independence, Kansas, haina uaminifu huo kwa kiwango kile. Kocha Jason Brown alijua kamera inataka nini, akaipa. Alijiuzulu 2019 kwa sababu ya ujumbe aliomwandikia mchezaji kutoka Ujerumani akijifananisha na Hitler. Kelele ni nyingi, lakini nilitoka nikiwajua wachezaji wake kidogo kuliko wale wa Scooba.

Sasa nifike penye ugomvi wangu.

Kijiji cha Scooba ni nini katika mfululizo huu? Ni steji. Ni pale unaposimama kusubiri gari. Tunaona barabara tupu, majengo yaliyochoka, mashamba, na kila mmoja anatuambia kwamba hapa hakuna kitu, lengo ni kutoka. Hata uzuri wa picha unalisema hilo: jua linazama vizuri sana mahali ambapo hakuna anayetaka kubaki. Watu waliozaliwa pale, wanaoishi pale na watakaozikwa pale, wanapita nyuma ya wachezaji kama ukuta wa jukwaa.

Na ndani ya timu yenyewe kuna mtu ambaye hesabu hiyo inamwacha. Kwotabeki walikuwa wawili. John Franklin III alitoka Florida State, mwepesi kama swala, kila mtu anamtaka. Wyatt Roberts alikuwa kijana wa jimbo lile lile, asiye na mbio za kutisha, aliyeingia na kufanya kazi. Kocha aliwachanganya, na mara nyingi Roberts ndiye aliyeanza. Mwisho wa msimu Franklin anaenda Auburn, chuo kikubwa, na mfululizo unafurahi naye, na sisi tunafurahi, stering ameshinda. Brathe akaniuliza, "Na yule mwingine? Yule alikuwa anacheza?"

Nilikuwa nimeuona mfululizo mzima mara moja tayari, na nilikuwa nimesahau kumuuliza huyo.

Sitaki kuwaonea Wamarekani peke yao, maana sisi ni wale wale. Fikiria jinsi tunavyosimulia mpira wa Eastlands. McDonald Mariga na mdogo wake Victor Wanyama walikulia Muthurwa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Mariga akawa kwenye kikosi cha Inter kilichochukua Ligi ya Mabingwa Ulaya 2010. Wanyama akaifunga Barcelona akiwa na Celtic, Novemba 2012. Ni mambo makubwa, na nilipiga nduru kama wewe. Lakini angalia makala zinavyoandikwa: aya ya kwanza ni umaskini, aya ya mwisho ni uwanja wa ndege. Muthurwa inatajwa ili tupime urefu wa kuruka. Hakuna anayeuliza Muthurwa yenyewe ilikuwa ikicheza mpira wa namna gani, nani aliwafundisha, nani aliwapasia, na hao waliopasia wako wapi Jumapili hii. Mtaa unakuwa kitu cha kutoka. Na ukiwa kijana uliyekwenda ukarudi, kama brathe yangu, basi hadithi haina aya yako. Umekuwa muvi ambayo watu wanadai mbao zao.

Lakini Eastlands ina misimu ya aina nyingine, na mkosoaji anayeishi hapa anapaswa kuitaja. Mathare Youth Sports Association, MYSA, ilipoanzishwa 1987, iliingiza kwenye ligi zake za watoto kanuni ambayo bado inanishangaza: timu inapata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa. Unafunga mabao, sawa. Lakini usipochukua sepetu na kuzibua mtaro, unaweza kupitwa kwenye jedwali. Tafakari kidogo kuhusu jedwali kama hilo kama maandishi. Linasema kwamba matokeo ya timu na hali ya mahali inapochezea ni hesabu moja. Kutoka humo ikazaliwa Mathare United, 1994. Ilichukua Moi Golden Cup 1998 kabla haijapanda ligi kuu, na 2008 ikachukua ligi kuu yenyewe. Kuna filamu nzima kwenye jedwali lile, na staa wake mmoja ni mtaro.

Halafu kuna Koth Biro. Jina ni la Kidholuo, mvua inakuja, na kila Desemba mashindano hayo yanajaza uwanja wa Umeme pale Ziwani. Ligi imepumzika, kwa hiyo wachezaji wa timu kubwa wanarudi kuchezea timu za mitaa yao, bega kwa bega na fundi viatu, mwanafunzi, na yule jamaa ambaye kila mtu husema angefika mbali. Mstari wa uwanja ni miguu ya watazamaji. Ukikosa bao la wazi, unaambiwa hapo hapo, kwa jina la utani la shule ya msingi. Hakuna wakala wa chuo kikubwa anayesubiri mwishoni na kofia ya kukuvisha. Msimu wenyewe ni kurudi. Ndiyo sababu ni vigumu kuusimulia kwa njia tuliyoizoea: hakuna aya ya uwanja wa ndege. Lakini nani amewahi kukaa Ziwani jioni ya Desemba akasema kwamba hakuna kilichokuwa kikishindaniwa pale?

Nikiwa na Koth Biro kichwani ndipo nilipouelewa msimu wa tano, wa 2020, ambao kwangu ndio bora kuliko yote. Mfululizo ulihamia Laney College, Oakland, California. Ni chuo cha mjini, hakina mabweni. Wachezaji wanatoka makwao asubuhi na kurudi makwao usiku, na wengine hawana pa kurudi: kuna mmoja anayelala ndani ya gari lake. Kodi za nyumba zinapanda, familia zinasukumwa nje ya mji waliozaliwa. Kocha, John Beam, alikuwa amewafundisha vijana wa Oakland tangu miaka ya 1980. Anawajua baba zao. Timu haishindi sana msimu ule, majeruhi ni wengi, na kamera, kwa mara ya kwanza, inalazimika kuingia jikoni, kazini, kwenye gari lililofunikwa vioo kwa nguo. Mahali si steji tena. Mahali ni kitu ambacho watu wanajaribu kubaki nacho.

Brathe aliusogelea msimu huo. Hakuongea sana, lakini aliacha kushika simu yake. Kwenye tukio moja kocha anamfokea kijana, halafu anamwita pembeni na kumuuliza amekula nini. Akasema, "Huyo sasa ni kocha." Halafu baada ya muda akasema kitu ambacho nimekibeba tangu siku hiyo: "Unajua mimi sikurudi kwa sababu nilishindwa. Nilirudi kwa sababu hapa ndio kwetu. Goti lilikuwa tu gari lenye lilinileta."

Sijui kama ni kweli yote. Nadhani siku ile ya begi na viatu hakuiona hivyo. Mtu ana haki ya kuihariri hadithi yake, na deni lile la karo halifutwi na sentensi nzuri. Kuna chuo kilichomtumia kikamtupa, na sitaki ukosoaji wangu uwe blanketi la kukifunika. Kijana akitaka kutoka, atoke, na wanaomwahidi masomo waandike kwenye karatasi. Whiteley ana haki ya kuonyesha hamu hiyo ya kutoka kwa sababu ni ya kweli. Kijana asiye na penseli Scooba hatafuti ushairi wa nyumbani, anatafuta maisha. Ninachodai ni kwamba hadithi iendelee kuangalia upande wa pili baada ya basi kuondoka. Wanaobaki nao wana msimu. Wana ratiba, wana majeruhi, wana kocha anayefoka na anayeuliza umekula nini.

Kwa hiyo, kama una muda mchache, anza na msimu wa kwanza kwa ajili ya ofisi ya Wagner na kile kioo kinachofuata mwanzoni mwa wa pili, ruka Kansas, maliza na Oakland. Desemba ikifika nenda Ziwani, ubebe mwavuli. Na ukiwa mwandishi, acha kunitumia makala inayoishia uwanja wa ndege.

Mimi nilianza na kazi ndogo. Wiki iliyopita, kwenye matatu ya 1960, msichana niliyesoma naye aliniuliza brathe yangu siku hizi anafanya nini. Nikamwambia: anachomelea mageti, hakumaliza diploma, walimdai karo baada ya goti, na anafundisha watoto mpira nyuma ya ploti yetu. Akasema, "Ala, si ndiye anafundisha kijana wa sista yangu?"

Jumamosi saa tatu nilienda kuwaona. Nilikuwa sijakaa kwenye uwanja ule tangu kidato cha pili. Walifungwa 3 kwa 1. Kipa wao, mtoto wa miaka kumi hivi, alilia kidogo, kisha akapewa chungwa. Brathe alikuwa akifoka kutoka upande wa matope, goti limefungwa bandeji, akiwaita wote kwa majina. Nikamuuliza mama aliyekuwa kando yangu stering ni gani. Akaangalia uwanja mzima, akacheka, akasema subiri kwanza. Jumamosi ijayo wanacheza tena.